Dwarka, Somnath na simba wa Gir: kumpeleka mama na watoto kwa siku 8

Msomaji wa Mwanza ameuliza: "Mama yangu ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Tangu baba afariki amekuwa akisema anataka kufika Dwarka na Somnath. Sisi ni Wagujarati wa hapa hapa, mimi na mke wangu hatujawahi kufika huko. Watoto wetu wana miaka 9 na 13, wao wanachotaka ni msitu na wanyama. Tutakuwa na siku 8 za kukaa India mwezi Desemba. Je, zinatosha? Tuzipange vipi?"

Zinatosha, ndugu yangu, mradi msitoke Saurashtra. Hiyo ndiyo rasi ya magharibi ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, na ndani yake mna kila mlichokitaja: Dwarka kwenye ncha ya magharibi, Somnath pwani ya kusini, na msitu wa Gir mwendo wa saa moja na kitu kutoka Somnath. Kutoka Dwarka hadi Somnath ni kama kilomita 230, barabara inafuata bahari karibu njia nzima. Familia nyingi kutoka huku kwetu huiharibu safari hii kwa kuijaza. Mmoja anataka hekalu la Ambaji la kaskazini mwa Gujarat, mwingine anataka sanamu kubwa ya Sardar Patel, kiongozi wa uhuru wa India, shangazi aliyeko Bhuj anasema haiwezekani mfike India msimwone. Mwishowe mama mwenye magoti mabovu anakaa garini saa nane kwa siku, na anapofika mbele ya Dwarkadhish, yaani Mungu Krishna katika hekalu kuu la Dwarka, amechoka hata kusimama. Mwambieni shangazi ukweli mapema, kwa heshima, kabla ya kukata tiketi: safari hii ni ya mama, na Kutch, huko Bhuj kwa shangazi, itapewa zamu yake. Jamaa wa Jamnagar na Rajkot wako njiani, hao mnaweza kuwasalimu kwa chai bila kulala kwao.

Pangeni safari kwa kufuata masimulizi ya Krishna mwenyewe, yaani Dwarka kwanza na Somnath baadaye. Watu huchagua kwa kuangalia ndege ya bei nafuu, nami nawaelewa, lakini mpangilio huu una maana kubwa kwa mtu wa imani. Dwarka ndiko alikotawala. Porbandar, katikati ya njia, ndiko kwao Sudama, rafiki yake maskini. Prabhas, yaani eneo lile lile la Somnath, ndiko alikochomwa na mshale wa mwindaji Jara na kuuacha ulimwengu. Mama yako ameyasikia haya tangu utotoni, na akiyapitia kwa mfuatano huu hatahitaji maelezo ya mwongozaji yeyote. Atakuwa yeye ndiye anayewasimulia wajukuu garini.

Kuna ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Kutoka Mumbai msishuke Ahmedabad, ambako ni mbali mno na Dwarka. Tafuteni ndege ya Jamnagar, kilomita 130 tu kabla ya Dwarka. Ndege zisipoungana vizuri, laleni karibu na uwanja wa Mumbai kuliko kumkalisha mama kwenye viti vya kusubiria usiku kucha. Kurudi, ondokeeni Rajkot. Uwanja mpya wa Hirasar, uliozinduliwa 2023, uko nje ya mji kama kilomita 30, kwa hiyo hesabuni saa nzima ya ziada. Gari lichukueni Jamnagar, la viti saba, pamoja na dereva, na mkubaliane bei hadi Rajkot ikiwa na malazi ya dereva na ushuru wa barabara ndani yake. Treni ipo na ni nzuri, ila kwa mtu mwenye magoti mabovu, ngazi za behewa na madaraja ya kuvukia reli ni mateso.

Kabla ya hayo yote, shughulikieni chanjo ya homa ya manjano. India huwadai cheti wasafiri wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake ya homa ya manjano, kama Kenya na Uganda (kuhusu Tanzania, ulizeni ubalozi wa India mapema), na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, ambazo kwenu ni karibu safari yote. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na hudumu maisha yote. Kama mama alichanjwa zamani, itafuteni ile kadi ya manjano leo. Kama hajawahi kuchanjwa, msimpeleke dirishani na kunyoosha mkono tu. Chanjo hii ikiwa ya mara ya kwanza kwa mtu aliyevuka miaka 60 inahitaji daktari ampime kwanza, maana madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wazee. Jambo hili linaweza kuamua kama safari ipo au haipo, ndiyo maana nalitaja mbele ya hoteli na mahekalu. Viza ya mtandaoni ni rahisi kulinganisha na hilo.

Siku ya kwanza ni ya kupumzika Jamnagar. Jioni, mama akijisikia, mpelekeni hekalu la Bala Hanuman kando ya ziwa la Lakhota. Pale jina la Rama limekuwa likiimbwa mchana na usiku bila kukatika tangu tarehe 1 Agosti 1964, waimbaji wakipokezana zamu. Hakuna foleni kubwa wala haraka, mtu anakaa sakafuni au kwenye kiti na kusikiliza. Kwa mtu aliyetoka kwenye ndege mbili, sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Asubuhi ya pili ni ya watoto. Kilomita chache nje ya Jamnagar kuna Khijadiya, ardhi oevu iliyozuiwa kwa kuta za udongo, upande mmoja maji ya chumvi na upande wa pili maji matamu. Desemba hujaa ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini: mwari, korongo, heroe, bata wa kila namna. Fikeni jua linapochomoza. Mkipenda bahari zaidi ya ndege, kuna Narara, sehemu ya hifadhi ya kwanza ya taifa ya baharini nchini India, iliyoanzishwa 1982. Maji yakipwa mnatembea juu ya mwamba wa matumbawe mkiwa na maji ya magotini, mkiona pweza, kaa na nyota za bahari. Narara haifai bila kuangalia majira ya maji kwanza, na mama haimfai kabisa: atakaa kivulini na kikapu cha chakula. Chagueni moja kati ya hizo mbili, kisha mchana muwe barabarani kuelekea Dwarka.

Sasa tufike kwenye kiini cha mpango wote, nacho ni saa za hekalu. Dwarkadhish hufunguliwa kama saa 12 na nusu asubuhi, hufungwa kama saa 7 mchana, hufunguliwa tena saa 11 jioni hadi kama saa 3 na nusu usiku. Mahekalu mengi ya Krishna hufanya hivyo, kwa kuwa Mungu naye hupewa mlo na mapumziko yake. Mgeni asiyejua hufika saa 8 mchana, akute milango imefungwa, akae juani saa tatu na watoto wanalia. Ukijua, mapumziko ya Bwana yanakuwa mapumziko ya mama: asubuhi darshan (kumwona Mungu hekaluni), mchana chakula na usingizi, watoto na baba yao wanakwenda baharini, jioni wote mnarudi hekaluni. Siku za sikukuu saa hizi hubadilika, kwa hiyo ulizeni hotelini kila jioni kuhusu kesho yake. Na kumbukeni India iko saa mbili na nusu mbele yetu. Mkipiga simu hotelini kutoka Mwanza saa 2 usiku, huko ni saa 4 na nusu. Pia saa mnazoandikiana na hoteli na dereva ziwe zile za kimataifa, si za Kiswahili. Nimeona gari likifika saa sita kamili baada ya muda uliotakiwa kwa sababu hiyo tu.

Hekalu lenyewe lina orofa tano juu ya nguzo 72, na milango miwili. Mlango wa kusini, Swarga Dwar, unashuka ngazi 56 hadi mto Gomti. Mlango wa kaskazini, Moksha Dwar, ndio unaowafaa ninyi. Mwingizeni na kumtoa mama upande huo wa kaskazini. Kama anataka kugusa maji ya Gomti, zungukeni hadi sehemu ya ghati, yaani ngazi za kushukia mtoni, isiyo na mteremko mkali, mmoja amshike kila upande. Simu haziruhusiwi ndani, wala kamera, na mikanda na pochi za ngozi ziacheni hotelini. Foleni za wanaume na wanawake hutenganishwa. Mkiwa hamna simu na mmetenganishwa, familia ya watu watano hupotezana ndani ya dakika kumi, kwa hiyo kabla ya kuingia onyesheni kwa kidole mahali pa kukutana, na mtoto wa miaka 9 aende na mama yake au na bibi yake, asiachwe katikati.

Tazameni juu. Bendera inayopepea kileleni ina urefu wa gaji 52 (gaji moja ni kama yadi), na hubadilishwa mara kadhaa kila siku na mtu anayepanda hadi juu kwa mikono na miguu. Kila bendera imetolewa na familia fulani, ambayo huja nayo kwa maandamano, ngoma na nyimbo kupita vichochoroni. Kama mama ana ndoto ya kutoa bendera kwa jina la baba yenu, jambo hilo hupangwa mapema mno, si kwa kufika na pesa mkononi. Lakini hata kusimama uani wakati bendera ya familia nyingine inapanda kunatosha kumtoa mtu machozi. Ulizeni saa za siku hiyo.

Kwenye ghati na karibu na milango mtakutana na makuhani watakaojitolea kuwafanyia ibada. Wengi ni watu wa kazi hiyo kwa vizazi, wanastahili heshima. Kubalianeni sadaka kabla ya ibada kuanza, kwa sauti wazi, na michango mikubwa itoeni ofisi ya hekalu mpate risiti. Mtu akimharakisha mama kutaja kiasi mbele ya umati, ninyi watoto wake ndio wa kujibu.

Siku ya tatu ondokeni asubuhi na mapema kwenda Bet Dwarka, kisiwa kilicho mbele ya bandari ya Okha, kilomita 30 kutoka Dwarka. Hapa nina furaha ya kukupa habari njema ambayo nisingeweza kumpa mtu mwenye mama mzee miaka michache iliyopita. Zamani kisiwa kilifikiwa kwa mashua peke yake, zimejaa hadi pomoni, na kupanda na kushuka kulitaka mguu wa kijana. Nilikuwa nawashauri wazee wengi wabaki Okha, na uchungu wao niliuona. Tangu tarehe 25 Februari 2024 kuna daraja la Sudarshan Setu, urefu wake kilomita mbili na zaidi kidogo, na gari linafika kisiwani. Kutoka maegesho hadi hekaluni mchukulieni riksho. Kwa mapokeo, hapa ndipo yalipokuwa makazi ya Krishna na ndipo Sudama alipokuja na mchele wake wa kupondwa uliofungwa kitambaani, na ndiyo sababu mahujaji hutoa mchele pale. Nunueni kidogo njiani, mpeni kila mtoto fungu lake alitoe mwenyewe.

Mkirudi, pitieni Gopi Talav, bwawa ambalo udongo wake wa manjano ndio gopi chandan ya kupaka kwenye paji la uso, kisha Nageshwar, mojawapo ya jyotirlinga 12, yaani mahekalu makuu ya Mungu Shiva, kwa hesabu ya watu wa Gujarat, yenye sanamu kubwa ya Shiva nje inayoonekana kutoka mbali. Hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, kilomita mbili nje ya mji wa Dwarka, liwekeni mwishoni. Kisa chake ni laana ya mtakatifu Durvasa iliyomtenga Rukmini na mumewe na kuikausha nchi maji matamu, na hadi leo sadaka kuu inayotolewa pale ni maji. Mchana mama alale. Ninyi na watoto nendeni Shivrajpur, ufuko mweupe wa kilomita kama 12 kutoka mjini, wenye hadhi ya Bendera ya Bluu, tuzo ya kimataifa ya fukwe safi. Ni msafi na maji yake ni ya kina kifupi. Ninyi mmezoea ziwa, watoto watafurahia chumvi.

Asubuhi ya nne, darshan ya mwisho ya alfajiri, kisha barabara ya pwani. Porbandar iko kama kilomita 105. Simameni Kirti Mandir, jengo lililoshikamana na nyumba aliyozaliwa Gandhi tarehe 2 Oktoba 1869. Waambieni watoto aliyelijenga: Nanji Kalidas Mehta, kijana wa vijiji vya karibu na Porbandar aliyevuka bahari kuja Afrika Mashariki na kuanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi nchini Uganda. Alilijenga liwe na kimo cha futi 79, kwa kuwa Gandhi alikufa akiwa katika mwaka wake wa 79, na Sardar Patel akalifungua 1950. Familia nyingi za Mwanza, Jinja na Kisumu zilitoka kwenye vijiji hivi, na mtoto aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria ana haki ya kujua kwamba barabara hii ndiyo waliyoipita wazee wake wakienda kupanda majahazi. Karibu na hapo kuna hekalu dogo la Sudama. Kuleni Porbandar, kisha mpite Madhavpur, ambako kwa mapokeo Krishna alimwoa Rukmini, na ambako ufuko ni mtupu na mawimbi ni makali: pa kutazama, si pa kuogelea. Lengo ni kufika Somnath kabla ya saa 11 jioni.

Somnath haifungwi mchana kama Dwarka. Aarti, ibada ya kuzungusha taa, ni mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 1 usiku. Ile ya usiku ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hekalu liko ukingoni kabisa mwa bahari na mawimbi yanasikika chini ya ngoma na kengele. Liliharibiwa na kujengwa upya mara kadhaa katika historia. Mahmud wa Ghazni alilivamia mwaka 1026, na hakuwa wa mwisho. Jengo la sasa ni uamuzi wa Sardar Patel mwaka 1947, na linga, jiwe takatifu la Shiva, iliwekwa tarehe 11 Mei 1951 mbele ya Rais Rajendra Prasad. Uani upande wa bahari kuna nguzo ya mshale, yenye maandishi ya kwamba kutoka pale kwenda kusini hakuna nchi kavu hadi kwenye barafu ya ncha ya dunia. Mwanao wa miaka 13 afungue ramani ajionee mwenyewe.

Hapa pia simu na mifuko huachwa makabatini nje. Umbali kutoka maegesho hadi mlangoni ni wa kutembea, kwa hiyo ombeni kiti cha magurudumu mkifika, na msimwache mama aseme "nitaweza" kwa aibu. Nguvu zake zinahitajika ndani, kwenye foleni. Kaptula hazifai. Mkiwa na rafiki asiye Mhindu katika msafara, apitie kwanza ofisi ya hekalu kuomba ruhusa. Mfuko unaosimamia hekalu una nyumba za wageni karibu sana, safi na za bei ya haki. Wekeni nafasi kwenye tovuti yake rasmi, kwa maana kuna kurasa za matapeli zinazoiga majina hayo na kupokea pesa kwa simu.

Siku ya tano yote ibaki Somnath. Bhalka Tirth iko kama kilomita nne kuelekea Veraval. Ndani kuna Krishna akiwa ameegemea chini ya mti, na Jara amepiga magoti akiomba msamaha kwa mshale aliodhani unampiga paa. Kisha nendeni Triveni Sangam, yanapokutana maji ya Hiran, Kapila na Saraswati, na kando yake Golok Dham, mahali anapoaminika kuondoka duniani. Kama mama anataka kufanya ibada ya kumkumbuka baba yenu, hapa Triveni ni mahali panapotambulika kwa ibada hizo. Mwulizeni mapema, kabla hata ya kuondoka Mwanza, ili msiwe na haraka siku hiyo. Wazee wengi huona haya kuomba jambo hili wakijua watoto wao wamelipia hoteli na gari. Ningekuwa ninyi, ningeiweka asubuhi hiyo wazi kabisa, bila miadi mingine.

Na sasa simba. Gir na maeneo ya Saurashtra yanayoizunguka ndiyo makao ya pekee ya simba wa Asia walio porini. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki makumi machache, na ulinzi wa nawabu (mtawala) wa Junagadh ndio uliowaokoa. Hesabu ya 2015 iliwapata 523, ya 2020 ikawapata 674, na ya 2025 ikafika 891. Najua kinachowapitia akilini: mtu wa Mwanza ana Serengeti mlangoni, aende India kutazama simba? Aende, ila ajue anachokwenda kukiona. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 za upeo wazi, Gir yote ina kama 1,412, na ni msitu mkavu wa mitiki, majani makubwa ya kahawia ambayo simba anayapotelea ukiwa hatua ishirini kutoka kwake. Manyoya ya shingoni mwa dume ni machache, masikio yanaonekana, na tumboni kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Wafugaji wa Kimaldhari wanaishi ndani ya msitu huo na nyati wao wa kufugwa, vizazi kwa vizazi. Katika Serengeti, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa, unaotokana na virusi vya mbwa, uliua karibu theluthi ya simba. Mwaka 2018 virusi hivyo hivyo vilizuka Gir, simba zaidi ya 20 wakafa. Mtoto aliyekua akisikia habari za Serengeti ataelewa haraka kwa nini wataalamu huogopa kuona jamii nzima ya mnyama ikiwa mahali pamoja tu.

Msitu hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba, hivyo Desemba mko salama, lakini ndio msimu wa watu wengi. Kibali hupatikana kwenye tovuti ya idara ya misitu ya serikali ya Gujarat, kwa majina na namba za pasipoti, na magari ya kila zamu ni machache. Nafasi za wiki ya Krismasi huisha haraka. Hiki ndicho kitu adimu kuliko vyote katika safari yenu, kwa hiyo tarehe za Gir ndizo ziamue tarehe za hoteli. Kuna zamu tatu za saa tatu tatu: mbili asubuhi, moja alasiri. Wageni hulipa zaidi kuliko raia, na pasipoti halisi lazima ziwe mkononi getini. Njia ya kupita ndani ya msitu hupangwa na wao wenyewe, kwa hiyo anayekuuzia "njia ya simba wengi" anakuuzia hewa.

Siku ya sita ondokeni Somnath asubuhi, kilomita 45 hadi Sasan. Mama asipande gari la wazi. Saa tatu za mashimo na vumbi zitamwumiza mgongo na magoti, na mahali pa kujisaidia njiani ni shida. Kwa ajili yake kuna Devalia, eneo la msitu lililozungushiwa uzio, ambako mabasi ya hifadhi hupita taratibu na simba karibu huonekana kwa hakika. Hufungwa Jumatano, pangeni tarehe kwa kuliangalia hilo. Nendeni wote siku ya sita, kisha alfajiri ya saba baba na watoto wapande gari la wazi kwa zamu ya kwanza. Vaeni makoti, maana alfajiri ya Desemba ndani ya gari la wazi baridi inauma. Msipomwona simba, mtaona chital wenye madoa na sambar, ambao ni aina za kulungu, tausi wa porini, na mamba kwenye bwawa la Kamleshwar.

Vibali vikikosekana kabisa, kuna milima ya Barda karibu na Porbandar. Simba dume aliingia huko kwa miguu yake mwaka 2023, baada ya zaidi ya karne bila simba eneo hilo, na mwaka 2024 idara ya misitu ikafungua safari ya magari. Ingeingia katika siku yenu ya nne, kwa kulala Porbandar.

Kati ya Somnath na Sasan, karibu na Talala, kuna kijiji cha Jambur cha Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walifika pwani hii karne nyingi zilizopita. Ni Waislamu, wanazungumza Kigujarati, na ngoma yao huchezwa kwenye ziara, yaani kaburi takatifu, ya Nagarchi Pir. Madereva wengine hupenda kuwapeleka wageni wakatazame "Waafrika wa Gir". Msiende hivyo. Mkitaka kusimama, simameni kwenye ziara kama wageni wa heshima, toeni salamu, nunueni chai dukani, mzungumze. Ninyi ni Wagujarati wa Afrika, wao ni Waafrika wa Gujarat, na mazungumzo yatajipata yenyewe bila kamera.

Siku ya nane ni barabara ya kwenda Rajkot kupitia Junagadh, jumla kama kilomita 160. Njiani umesimama mlima Girnar, wenye ngazi karibu 10,000. Tangu Oktoba 2020 kuna gari la waya linalopanda hadi hekalu la Ambaji la mlimani hapo (si lile la kaskazini) kwa dakika chache. Mama anaweza kufika huko, akiwa na ngazi kadhaa tu za kupanda mwisho. Upepo ukiwa mkali husimamishwa, na foleni ya Desemba inaweza kula asubuhi nzima. Basi fanyeni hivi: ndege yenu ya Rajkot ikiwa ya usiku, jaribuni, ikiwa ya alasiri, liacheni, mpite tu kwenye jiwe la mfalme Ashoka chini ya mlima, lenye amri zake zilizochongwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Liko kando ya barabara, na kulitazama hakuhitaji nusu saa.

Chakula hakitawasumbua. Kila mahali ni cha mboga, na rotlo ya uwele, biringanya za kuchoma na khichdi za Kathiawar (jina la zamani la Saurashtra) mama atazitambua kabla hazijafika mezani. Gujarat hairuhusu pombe. Maji yawe ya chupa, dawa za mama zigawanywe katika mizigo miwili, na muwe na rupia taslimu, kwani malipo ya simu ya kule hutegemea benki za ndani na kadi za kigeni hukataliwa mara nyingi mahali padogo.

Wiki hii, basi, fanyeni mambo matatu kwa mpangilio huu: kadi ya manjano na daktari wa mama, kibali cha Gir mara tu tarehe zenu zinapofunguliwa (Devalia isiangukie Jumatano), kisha nyumba ya wageni ya Somnath. Tiketi ya Jamnagar ifuate hapo. Dwarka ina vyumba vingi, hiyo inaweza kusubiri.